Msimu Niliowasomea Watu Mvua

Jumanne, Machi 11

Ilinyesha tena jana. Iguhu yote, kijiji kizima, iko shambani — jembe kila mahali, hata walimu.

Meseji ya hali ya hewa iliingia asubuhi. Wanasema hii si mvua ya msimu, itakatika. Tungoje hadi mwisho wa mwezi. Nikaenda kwa kikundi chetu cha wakulima nikawasomea, kisha nikarudia kwa Kiidakho, lugha yetu ya nyumbani. Hiyo ndiyo kazi waliyonipa tangu niliporudi kwa mafunzo ya kilimo Bukura. Wengi walicheka. Shikanga, mwenyekiti wetu, hakucheka, lakini mbegu zake zilikuwa tayari kwa ndoo.

Mama mkwe alinisubiri pale kwa lango. "Sisi tulikuwanga tunapanda mvua ikinyesha, Rachael. Nyinyi mnangoja simu iwaambie?"

Ni Ayuma tu aliyenifuata. Mke wa Cornelius, shemeji yangu. Shamba lao na letu hutenganishwa na ua wa maua tu. Cornelius amenuna, anataka kupanda leo. Ayuma amemwambia mbegu ni zake, alizinunua na pesa ya kuku wake, na zitangoja.

"Nikikosa kuvuna, Mama Cindy, nitakuja kula kwako," akaniambia. Tukacheka. Lakini moyo wangu haukucheka sana.

Jumapili, Machi 16

Mahindi ya watu yameota! Kijani kila upande, na katikati mashamba yetu mawili, mekundu, tupu. Baada ya ibada mama mmoja alituuliza kama mwaka huu tunalima vumbi. Ayuma akamjibu kwamba vumbi halihitaji palizi.

Jumamosi, Machi 22

Jua. Jua. Jua.

Miche imejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Shikanga ameng'oa kadhaa akanionyesha mizizi. Nilidhani nikipatia nitafurahi. Hakuna furaha. Nilipita kwa shamba la Mama mkwe nikageuza macho ili asidhani nimekuja kutazama.

Jumatano, Machi 26

Leo kanisa limejaa, na si siku ya ibada. Wote wanataka kusikia meseji.

Mvua ya msimu itaanza Ijumaa. Hiyo ndiyo ya kupanda. Lakini itakuja na radi mchana, pengine na mawe. Watu watoke shambani mapema, wasijikinge chini ya miti.

Waliposikia "Ijumaa" walipiga makofi. Nikanyamaza hadi wakatulia, nikasoma ile sehemu ya radi. Kiswahili, kisha Kiidakho. Wengine walikuwa wameshainuka, wanaulizana nani ana mbolea ya ziada. Nikapaza sauti nikasoma mara ya pili.

Ayuma alisikia. Alikuwa amekaa mbele. Aliniambia tukitoka, "Mchana nitakuwa jikoni, usihofu."

Ijumaa, Machi 28

Ayuma.

Siwezi.

Jumapili, Machi 30

Nijaribu.

Ijumaa tulianza kupanda kukiwa na umande. Ayuma upande wake, mimi wangu, tukiongea juu ya ua. Alikuwa na raha. Alisema mwaka huu atauza magunia yake mwenyewe, Cornelius asiguse. Mchana wingu likapanda kutoka upande wa Nandi, jeusi, na upepo wa baridi. Nikabeba jembe. Nikamwita.

"Twende!"

"Nakuja. Zimebaki mbegu kidogo tu, zisinyeshewe."

"Ayuma, wacha hizo mbegu!"

"Nakuja, mama!"

Nilikuwa mlangoni niliposikia. Si ngurumo ile ya mbali — kitu kilichopasuka ndani ya kichwa changu. Kila kitu kikawa cheupe. Nilipotazama tena alikuwa amelala kifudifudi, na mvua inampiga mgongo.

Nilimkimbilia. Sikuogopa wakati ule, ninaogopa sasa. Cornelius alikuwa ameenda kuleta mbolea, alitukuta njiani, mimi nimempakata Ayuma kwa pikipiki. Hospitalini daktari alimgusa shingo, kisha akavua miwani. Nikajua.

Mvua imenyesha kila siku tangu hapo. Mvua nzuri. Kila mtu anasema hivyo na kisha anainamisha kichwa.

Jumanne, Aprili 1

Matanga. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasonga obusuma, ugali wa wageni. Wanawake wawili hawakujua niko karibu. Mmoja akasema: Rachael alitaja Ijumaa, ikawa Ijumaa. Alitaja mchana, ikawa mchana. Alijuaje? Mwingine akauliza mbona radi iruke ua, imchague mwenzake.

Nilidhani ni maneno ya kupita. Jioni Mama mkwe akayasema mbele ya watu wote.

"Mwenye kuita mvua huiita na vyote vyake."

Isaiah, mume wangu, alisimama. Amechukua ruhusa kazini, hajalala siku hizi. "Mama, ni simu. Kila mtu anaweza kuipata."

"Na anayemtumia hiyo simu ni nani? Umemwona?"

Nilimtazama Cornelius. Alikuwepo kanisani, alinisikia nikisoma mara mbili. Neno moja tu lingetosha. Aliangalia miguu yake.

Jumamosi, Aprili 5

Tumemzika. Niliambiwa kwa upole nisishike sufuria leo. Nikakaa peke yangu upande wa ng'ombe, na binti yangu Cindy akanijia, akanishika nguo, akauliza kama ni kweli wanayosema watu. Nikamwambia si kweli. Akauliza tena.

Sikutupa udongo. Nilingoja watu watawanyike, nikaenda, nikakuta tayari wamesawazisha.

Jumatatu, Aprili 7

Meseji nyingine. Kesho radi kali, kuanzia mchana.

Nilimpigia Shikanga. Akasema wacha watu wapoe kwanza, mama. Usisome. Ananitakia mema, najua.

Nikisema, mimi ni mchawi. Nikinyamaza na mtu afe, nitakuwa nani? Nilikaa na hilo swali hadi chai ikapoa. Kisha nikavaa viatu. Nikapita nyumba kwa nyumba. Wengine waliniitikia. Mmoja alifunga mlango nikiwa bado uani, nikasemea mlango.

Kwa Mama mkwe nilisimama nje. "Kesho mchana msiwe shambani." Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso.

Jumanne, Aprili 8

Cornelius ameamka na mbegu zilizobaki za Ayuma. Anapanda peke yake. Pale pale.

Wingu limefika. Watu wametoka mashambani — naona jembe zikipita barabarani, hata za wale waliofunga milango. Cornelius hatoki. Nimemwita mara tatu. Amekaa chini katikati ya shamba, mikono magotini.

Mama mkwe ameingia kwangu bila hodi. Hajakanyaga hapa tangu msiba. Kichwa wazi, hana hata leso.

"Wanasemaje? Itapiga hapa?"

"Hawajui itapiga wapi, Mama. Wanajua itakuja tu."

"Hawajui?"

"Hakuna anayejua."

Ameenda mlangoni, akatazama shamba. Halafu: "Mwite mtoto wangu, Rachael. Mimi hanisikii."

"Hata mimi hanisikii, Mama."

Isaiah ametupa koti, amekimbia. Nilimshika shati, likanitoka mkononi. Sasa wako wote wawili kule. Isaiah anamvuta, Cornelius amejifanya mzito kama gunia. Wanapiga kelele, hatusikii wanachosema. Mama alitaka kuwafuata, nimemzuia mlangoni, na sasa tumekaa kwenye kizingiti. Naandika kwa sababu nisipoandika nitatoka na mimi.

Matone makubwa yameanza juu ya bati.

Mama ameshika mkono wangu wa kushoto. Anaubana. Anauliza mvua itachukua muda gani, na ninamwambia sijui, na anauliza tena.

Mvua imefunga kila upande. Ua sioni. Shamba sioni. Nasikia sauti ya mwanamume mmoja, sijui ni ya Isaiah au ya Cornelius.