Jina Lako Kwenye Mashine

Mpendwa Baba Neema,

Kamwene. Naanza na habari mbaya nisije nikazunguka: jana nilimwita fundi aje kuifuta kompyuta yako.

Usinune kwanza, nisikilize. Tangu tukuzike, steshenari yetu hapa Makambako inanywea. Watu wanaleta kazi walizoandika kwenye kompyuta za ofisini kwao, nikizifungua kwenye programu zako za bure mistari inahama, jedwali linavunjika, barua ya ukurasa mmoja inamwagikia wa pili. Wewe ulikuwa unayanyoosha hayo huku unapiga mluzi. Mimi natoka jasho na baridi hii yote. Mwalimu mmoja aliniambia, "Mama Neema, hii kompyuta yako ya kienyeji itakuua njaa," akachukua flashi yake akavuka barabara kwenda kwa wenzetu. Mwenye fremu naye ameanza kuniuliza kama nitaendelea. Anauliza kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha.

Unakumbuka chumba chetu cha mtaa wa Ramadhani, kule Njombe? Ulirudi umebeba kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, vumbi tupu, ndani buibui wamejenga. Nikakuuliza kama umeleta mashine au umeleta mifugo. Ukaifungua juu ya meza ya chakula, ukaisugua kwa brashi ya viatu, ukachomeka flashi ukaiwekea Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Nikawa nangoja useme tutalipa nini. Ukasema hakuna. Programu ya kuandikia ipo, ya kusafishia picha ipo, ya kuchorea kadi za harusi ipo, zote huria, zimetengenezwa na watu wasiotujua na hawatudai. Nikakwambia bure ghali. Ukacheka.

"Mama Neema, mbegu zako za kwanza za viazi ulinunua?"

Sikununua. Alinipa jirani, na nilipovuna nikampa mwingine.

"Basi ndiyo hiyo hiyo. Tupande."

Ndiyo maana hela ya viazi haikwenda kwenye programu. Ilinunua printa kuukuu na kutulipia fremu Makambako, kwa sababu ulisema njia panda haikosi mtu mwenye haraka. Nilikubishia hilo pia. Nilikuwa nakubishia kila kitu, na ulikuwa unapenda.

Jana basi akaja Meshaki, yule fundi wa Njombe uliyekuwa unataniana naye kwamba anafuga virusi kama kuku. Akaketi kwenye kiti chako. Alikuja na ile programu wanayotumia wengi, ya kulipia, ila yake ilikuwa imevunjwa kufuli. Alinieleza bila kuficha kwamba haina leseni. Akachomeka flashi yake, akasubiri, kisha akanigeukia. "Mama, hapa ikifutwa imefutika. Niendelee?"

Nikajifanya napanga karatasi.

Nikwambie jambo ambalo yeye sikumwambia. Haikuwa mistari inayohama tu. Kila asubuhi nikiwasha mashine, kabla ya chochote, inaandika jina lako, Fidelis, inangoja neno la siri. Inakutafuta wewe, na mimi ndiye naijibu. Hata wasifu wako, ule uliosomwa msibani, niliuandika humo humo chini ya jina hilo, vidole vinakataa. Nimechoka, Baba Neema. Nilitaka siku moja nifungue duka bila kuulizwa habari zako. Nikafungua mdomo nimwambie futa.

Ndipo akaingia dada mmoja, khanga kiunoni, anahema. "Mama, nisaidie. Wasifu wa baba."

Jeneza lilikuwa njiani linatoka Njombe, misa ni saa nane, na gari la familia limewashwa pale nje linamngoja. Alikuwa ameshakwenda ng'ambo ya barabara, wakamwambia flashi yake haina kitu. Meshaki akaichukua, akaiweka kwenye laptop yake. Ile ya kuua virusi ikapiga kelele, ikafuta ilichofuta, flashi ikabaki nyeupe.

"Pole, dada. Vimeshakula."

Dada yule hakupiga yowe. Aliketi chini, mgongo ukutani. "Alinisimulia mwenyewe," akasema. "Nilikuwa naandika pembeni ya kitanda chake. Alikozaliwa, shamba lake la kwanza, alivyompata mama. Sina nakala nyingine. Nitasoma nini mimi pale mbele?"

Nje wakapiga honi. Nikasikia sauti yako wazi, ile uliyotumia ukinifundisha huku nasinzia: virusi vya flashi haviyali mafaili, vinayaficha tu, na kwetu sisi wa Linux haviwezi kuficha. Sikuwa na hakika kama nimeikumbuka sawasawa. Na kama nimekosea, nitakuwa nimempa mtu wa msiba tumaini la uongo.

"Meshaki, toa mkono hapo," nikasema. "Chomoa ya kwako. Lete hiyo ya dada."

Mashine ikaanza kusaga na uzee wake. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kama ninayezuia isikimbie. Folda moja ikatokea, haina jina. Nikaifungua. Ndani wasifu, picha ya mzee amevaa koti la harusi, ratiba, vyote vizima. Yule dada akasimama, akaweka kidole kwenye kioo juu ya jina la baba yake, wala sikumwambia atanichafulia.

Mistari ilikuwa imehama, bila shaka! Ningeshangaa isingehama. Nikainyoosha mmoja mmoja, honi inalia, printa yako inameza karatasi kwa uvivu wake ule ule. Meshaki anaapa kwamba nilikuwa napiga mluzi.

Gari lilipoondoka akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo nifute?" Nikacheka, halafu nikalia mbele yake, nikaona aibu kidogo lakini si sana. Akaniambia mistari inahama kwa sababu mashine inakosa aina za mwandiko wanazotumia wenzetu, na kuna nyingine za bure zinazotoshana nazo. Akaniwekea. Nilikuwa naifuta mashine nzima kwa sababu ya mwandiko, Baba Neema! Alipotaka kuondoka akaomba flashi yako ya Linux anakili. Nikampa. Mbegu ni mbegu.

Sijui kama duka litapona. Mwenye fremu atakuja tena na upole wake. Ila nimebandika mlangoni karatasi: TUNAREJESHA VILIVYOFICHWA NA VIRUSI. Yule mwalimu amesimama akaisoma, akaenda, akarudi akaisoma tena.

Kuna jambo moja nilimwomba Meshaki kabla hajaondoka, na alilifanya bila kuuliza. Leo asubuhi nimewasha mashine, ikaleta majina mawili, inataka kujua ni nani amekuja. Lako liko juu. Nimelitazama mpaka kioo kikataka kuzima. Kisha nikabonyeza langu.

Pumzika sasa, mashine haikutafuti tena. Ninayekutafuta ni mimi peke yangu.

Mkeo mbishi,
Mama Neema