Namba 77 Imehama

Jumatatu, 3 Machi

Siku nyepesi. Orodha ya aina za majibu ya maabara ya hospitali ilikuwa shaghalabaghala, nimeipanga kwa alfabeti. Sijagusa kingine. Makro yangu, kiprogramu nilichokiandika mwenyewe, huisoma orodha, hukokotoa namba ya kila jibu kutokana na herufi zake, na yenyewe hutunga jedwali — mkono wa mtu haumo. Faili la mgonjwa linabeba namba tu. Daktari akilifungua, jedwali linampa maneno.

Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kauliza kama nimejaribu kabla ya kuwasha orodha mpya. Nijaribu nini? Alfabeti?

Jumatano, 5 Machi

Dada kapata majibu ya ule uvimbe wa titi aliokatwa kipande wiki jana. Hakuna tatizo! Kalia kwa furaha kwenye simu, kisha kanitania: eti hatimaye kompyuta zangu zimesema la maana. Nimecheka. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa anasafiri. Ile kazi ya miezi mitatu aliyoiahirisha.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani kaniwekea karatasi mezani. Mgonjwa mmoja kaitwa kupimwa tena, daktari wa maabara anashangaa — alichoona yeye kwenye darubini kilikuwa safi.

Nimetafuta saa mbili. Kosa ni langu. “Hakuna tatizo” na “Ipimwe tena haraka” yanakokotolewa namba ileile, 77. Hutokea. Mwanzoni makro ilikuwa inagoma ikikuta mgongano. Ikaniudhi, nikaiagiza: jibu la pili kwenye orodha lisogee, lichukue 78. Nami Jumatatu nikapanga orodha upya. La kwanza likawa la pili. Nimejipalia makaa.

Majibu hamsini na matatu yaliingizwa kabla ya Jumatatu, yakasomwa baadaye kwa jedwali jipya. Nimerudisha jedwali la zamani. Bosi kasema asipigiwe mtu yeyote simu. Jumatatu ijayo daktari atawaita wote kwa utaratibu. Anayefungua mdomo kabla ya hapo, kazi hana.

Nimefungua faili la dada. 77. Kwenye jedwali la zamani, hiyo ni “Ipimwe tena haraka”.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Ijumaa, 7 Machi — mchana

Naandika chooni kwa dada. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege linafika saa tisa.

Nimekuja na sentensi moja, nimeikariri njia nzima. Kafungua mlango ana furaha, kanivuta mkono: “Afadhali umekuja, mdogo wangu! Hebu nikalie hili sanduku, limegoma kufunga.” Nimekaa. Yeye kapiga magoti, anavuta zipu, anasimulia nyumba watakayompa huko, ina bustani. Nimesema, dada. Kasema, tulia, usiinuke, bado kidogo.

Zipu imefika mwisho. Kapiga makofi.

Nikaomba choo.

Saa nane na dakika arobaini. Anagonga — nimezama humu? Njoo unisaidie kulishusha, anasema, gari limewahi.