Yule Afisa Aliyeshindwa

Mbebe, Ileje

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa nyumbani tu wazima, ila babu yako anasumbuliwa na magoti kwa baridi hii. Mahindi tumeshavuna.

Unasema wale watoto uliowahudumia kwenye mafunzo ya vitendo wametenganishwa ingawa uliwatetea, nawe unaona aibu kurudi kuwaona, hata unafikiria kuacha chuo cha ustawi wa jamii. Unaniuliza kama kazi hii ina maana.

Mama yetu alipofariki, mimi na mdogo wangu Suzana tulikuwa bado wadogo. Wajomba walikaa kutugawana. Akaja afisa ustawi wa jamii, mama mmoja kutoka Itumba, akachuchumaa mbele yetu na kuuliza, "Ninyi wenyewe mnataka nini?" Tukamwambia tusitenganishwe. Alitutetea mpaka jioni, wakamkatalia.

Angeweza kwenda zake. Lakini alitufuata jikoni akasema, "Wanangu, nimeshindwa. Nimewaambia wajomba zenu kila mlichosema." Kisha akamwita mjomba mkubwa atutajie kila mmoja anakopelekwa. Suzana alikwenda Tunduma, mimi Nanyala. Tulikuja kuonana tumeshaolewa.

Kule Nanyala nililia sana. Lakini nilijua mdogo wangu yuko wapi, na nilijua kuna mtu mzima aliyeniuliza ninachotaka.

Habari ya chuo utaamua mwenyewe. Ila hao watoto, mjukuu wangu, nenda ukawaone. Wasikie kwako mwenyewe kwamba uliwatetea ukashindwa, na kila mmoja umwambie mwenzake yuko wapi.

Ni mimi bibi yako, ninayekutaja kila ninaposali,
Bibi Tabu