Kidude Kisichoongeza Sauti

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa mama yako,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kidomo,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua ungeisahau. Marahaba. U mzima huko? Mumeo mzima? Mapacha wameacha kuumwa masikio? Sisi hapa tunapumua, ndiyo habari njema. Mgongo wangu umegoma, magoti yameuunga mkono, sasa mwili mzima unatafuta msemaji. Bado mimi ndiye mzee mzuri kuliko wote mtaani, ila nimechoka, mpwa wangu. Hata kulala kunanichosha.

Mama yako anakula vizuri. Mkono wa kulia bado mzito tangu alipopooza, lakini uji anaumaliza na kijiko anakilamba. Sauti ndiyo haikurudi. Yule aliyekuwa akikuita wewe wanakuja watoto wa mtaa mzima, leo akisema kitu, nzi aliye kwenye shuka hashtuki. Akitaka maji inabidi niinamishe sikio mpaka midomoni pake, na huu mgongo wangu si wa kuinama ovyo.

Na lingine nalijua. Ulipiga simu, nikamwekea sikioni, ukasikia kimya, ukakata. Tangu hapo hupigi. Mumeo kaniambia unaamini mama ana kinyongo kwa vile uliondoka bila kumuaga. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.

Basi nikasema, mimi niliyeunda redio ikashika stesheni ambazo hazijafunguliwa, nishindwe na koo la dada yangu? Nikaishusha amplifaya yangu, ile ya kwenye boksi la viatu. Nikang'oa kile kisahani cha shaba kinacholia ndani ya saa ya mezani. Kisahani hicho ukikigeuza kazi, badala ya kulia kinasikiliza. Nikakishona kwenye kitambaa laini, nikamfunga shingoni, waya nikaupeleka kwenye amplifaya, spika nikaitundika jikoni.

Akasema. Spika ikatoa mlio kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Maneno hakuna. Nikafungulia sauti mpaka mwisho, nyuki akawa mzinga. Nikaongeza spika ya pili, nikaazima betri ya gari. Muuguzi anayekuja kumnyoosha viungo aliruka, beseni la maji likamwagika lote. Nikamtuliza, nikamwambia ndiyo kwanza inakolea.

Ikabidi nimeze kiburi, na unajua changu hakimezeki bila maji. Nikambebea mzigo wote Fundi Redio wa pale kona. Nilimfundisha mimi kushika bisibisi, ingawa anakana. Alicheka mpaka akaishika meza. Kisha akasema, "Mzee, hiki kisahani hakina ubavu. Ukikiunga moja kwa moja, amplifaya inakinyonya mpaka kinakauka. Wewe unamfokea mtu aliyeelemewa. Mtafutie wa kumpokea."

Huyo wa kumpokea ni transista moja ya miguu mitatu, rezista mbili na kapasita moja. Inakaa katikati ya kisahani na amplifaya. Upande huu inapokea bila kuvuta, upande ule inasukuma. Nikamuuliza inaongeza sauti kiasi gani. Akasema haiongezi hata chembe. Nikamwambia huyo basi ni mlinzi asiye na rungu. Akanisukumia kipakiti mkononi, akasema nikalehemu kwanza, maneno baadaye, na niiweke karibu na shingo ya mgonjwa, kwani waya mrefu nao unanyonya.

Nikalehemu mwenyewe. Mara ya kwanza niliipachika kinyumenyume, kwa makusudi, ili niipime uvumilivu. Mara ya pili ikakaa. Nikaifunga kwenye kopo la dawa, nikaliweka chini ya mto wake.

Nilikuwa jikoni nasugua sufuria. Spika ikaongea, sauti ile ile ya zamani, nzito, ya kifuani. "Wewe Porojo, chai yako ni maji ya kunawia."

Mpwa wangu, sufuria ilinitoka mkononi. Nikakaa sakafuni, kwa sababu ya mgongo.

Akapumzika. Nilimsikia akivuta pumzi kule chumbani, nami niko jikoni. Kisha akasema, "Mwambie Kidomo sina kinyongo. Siku ile ya simu nilimjibu. Kila alichoniuliza nilimjibu."

Basi nimekuandikia nikiwa na mikono yenye risasi ya kulehemia na majivu ya sufuria. Safari hii simu nitaiweka mbele ya spika.

Nisalimie mumeo, mwambie zile ndevu zake nilizoziona pichani zinafaa kusugulia sufuria. Wabusu mapacha masikioni, pale panapouma. Na yule wifi yako Mrefu akipita mlangoni bila kujigonga, mpe salamu zangu na pongezi. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake mpana, nanyi mlale salama.

Piga upesi. Betri ya gari mwenyewe kaichukua, hii ndogo niliyobaki nayo haidumu, na mama yako tangu aipate sauti anaimaliza yote kunisema mimi. Njoo upokee zamu yako.

Wako akupendaye, aliyechoka kusemwa,
Mjomba Porojo