Kurasa Zilizoshonwa kwa Cherehani

Jumamosi, Lituhi. Mvua tangu alfajiri. Dagaa tumewarudisha ndani, nyumba nzima inanuka ziwa, na mimi nina hasira.

Mlionizoea humu mtandaoni mnajua: mimi nasema, mjukuu wangu Imelda anaandika kwenye simu. Shule sikuingia, wala sioni haya kusema. Leo nimemwapisha asiruke neno hata nikimsema mama yake. Sababu mtaiona.

Likizo hii ananisomea riwaya za siku hizi, hizi wanazopokezana wasichana wa kidato cha tatu mpaka jalada linachakaa. Ya kwanza, bibi alikuwa mchawi. Ya pili, bibi alikufa kabla ugali haujaiva, ili mjukuu apate kulia vizuri. Nikauliza hawa waandishi walilelewa na nani. Lakini nilisikiliza, maana nilitaka kujua ni kitu gani kinawafanya watoto wasahau sufuria jikoni.

Nimekijua. Humo ndani msichana akiuliza, anajibiwa. Hatumwi maji.

Ya tatu ndiyo iliyonichoma. Kuna msichana Tulizo, umri wa Imelda, kapendana na kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Siku moja kijana anamwalika chumbani kwake akaone redio aliyoiunda mwenyewe. Mlango unafunguliwa. Imelda akafunua, akaendelea: Tulizo anatapika asubuhi.

Nikamsimamisha. Sikusoma, lakini nimezaa, na mimba haiingii kwa mlango kufunguliwa.

Akasema ndivyo kitabu kilivyo. Nikasema kilete. Nikapitisha vidole, nikazikuta kurasa zimeshonwa pamoja, kwa cherehani, mshono mdogo mdogo ukingoni, kama mfuko wa sare. Mshono ule naujua. Magauni yangu yote ya kanisani umepita humo. Ni wa Mama Imelda, mke wa mwanangu, fundi wa pale sokoni. Kitabu ni cha shule, hakiruhusiwi kuchanwa, basi akakishona.

Na Imelda alikuwa ameshatoa hukumu. "Kajitakia, Bibi. Nani alimtuma chumbani kwa mwanaume?" Nikamsikia mama yake mle kinywani.

Nikachukua wembe. Nilifumua taratibu bila kuikwaruza karatasi, nikamwambia, haya mke mwenzangu, soma.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia uchafu. Hakuna. Kuna redio mezani, kuna kijana anafunga mlango, kuna Tulizo anasema sitaki, nataka kwenda nyumbani. Anasema tena. Kijana anaongeza sauti ya redio. Mwandishi kaishia hapo. Halafu ni barabarani, Tulizo anatembea na viatu mkononi.

Sitaki. Hilo ndilo neno lililoshonwa.

Uzi wote ule, ili mtoto asisikie msichana akikataa! Kaachiwa mlango na matapishi, katikati ajaze mwenyewe. Naye kajaza kosa la msichana.

Mwandishi naye simwachi. Tumemaliza kitabu mchana: Tulizo anafia uzazini, kijana hatajwi tena. Yuko wapi? Anatengeneza simu. Eti msichana afe ili iwe funzo. Funzo kwa nani, ikiwa wanaosoma ni wasichana peke yao na yule wa redio hasomi?

Imelda alikuwa akichora mkeka kwa kidole. Kisha akauliza bila kunitazama.

"Bibi, mtu akishaenda mwenyewe, akishaingia, bado ana ruhusa ya kukataa?"

Nikauliza nani kaingia wapi. Akasema hakuna, anauliza tu. Mimi "nauliza tu" nimezisikia nyingi maishani. Kwetu mambo haya ni ya bibi. Mama huona haya, baba hukimbia. Sasa kama hata bibi anashonewa kurasa, mtoto aulize nani? Redio?

Nikamwambia ana ruhusa mlangoni, ana ruhusa kitandani, ana ruhusa hata kama kashakunywa soda aliyonunuliwa. Asiyesikia sitaki, kosa ni lake peke yake. Na likikupata jambo, uje kwangu hata na matope miguuni. Sitakuuliza ulifuata nini.

Alilia. Nikamsogezea dagaa achambue, mikono ikiwa na kazi kilio hupungua. Hajaniambia zaidi, sijamkamua. Ila amesema swali lake niliweke humu, wapo wenzake wanasoma.

Jioni Mama Imelda karudi, kaona nyuzi kwenye mkeka.

"Mama, umekifumua."

"Nimekifumua. Binti yako ana swali, na hakukuuliza wewe."

Akaketi na mwavuli wake bado unachuruzika. Akasema aliogopa tu. Najua. Nampenda huyu kama niliyemzaa, angekuwa mwingine ningemfukuza na cherehani yake. Lakini leo sikumpunguzia hata kidogo.

Kesho tukitoka misa atakaa hapa mkekani, mama mtu, azisome kurasa zile kwa sauti yake, binti yake akisikia. Mimi nitakaa katikati yao. Nimesomewa mara tatu leo, nimezishika zote.

Akiruka neno, nitajua.