Urefu wa Philbert

Kijiji cha Mbuba,
Ngara.
19 Agosti, 1979

Mpendwa kaka Emilian,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Scholastika, na kile kikohozi cha vumbi la mbao kiwe kimekuacha upumue. Sisi huku miili ni mizima. Maharage tumevuna kidogo, na sukari tumesahau ladha yake tangu vita ianze. Uji tunaunywa hivyo hivyo, tunasema asante.

Barua yako imefika Jumanne kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa. Umeandika kwamba ubao umekwisha, umeupiga msasa na vanishi, na unauliza Philbert atatoka jeshini lini ili ile safari yetu ianze: kwanza Kigamboni, kisha Kilwa, kisha Lindi mpaka Mtwara, pwani baada ya pwani, ninyi wawili mkipanda mawimbi na mimi nikiwapikia. Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikalia mbele ya wanafunzi wangu.

Kaka, Philbert hatarudi. Alikufa Aprili huko Uganda, wakati wengine wameshasema vita imekwisha. Sisi tumejua mwezi uliopita tu, wenzake wa mgambo walipoanza kurudi. Walimzika huko huko. Nisamehe kukupasulia habari hii kwa barua, sina njia nyingine ya kukufikia.

Mambo haya ya mawimbi uliyaleta wewe. Tangu ulipotuandikia habari za yule mgeni aliyewafundisha karakanani kuchonga ubao wa kusimama juu ya maji, ndugu yako hakutulia. Bahari hajaiona hata siku moja, lakini alichukua ule mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, akaupeleka bwawani, akasimama juu yake mikono kaitanua. Kijiji kizima kilikuja kucheka. Mama akapiga kelele kutoka ukingoni, "We Philbert! Ukiupasua huo, wageni wa baba yako watakunywa nini?" Akageuka amjibu, akatumbukia. Mama mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ukaandika kwamba ubao wa mtu hupimwa kutoka kisigino chake mpaka ncha za vidole, mikono ikiwa imenyanyuliwa. Nilimlaza mkekani, kwa sababu akisimama alikuwa hatulii, nikavuta kamba ya mgomba. Nikafunga fundo moja utosini na jingine kwenye vidole. Hapo mama akaingia. "Deodata! Mtu mzima hupimwa amesimama. Anayepimwa amelala ni wa kaburi!" Philbert akacheka, akamwambia, "Mama, kaka Emilian anasema juu ya ubao mtu huanza kwa kulala, ndipo anasimama." Nikakutumia vipimo, kamba nikaitundika ukutani. Haukupita muda mrefu, vijana wa mgambo wakaitwa.

Tangu habari ilipofika mama hakusema nami. Hakunigombeza. Alinipakulia chakula, akanigeuzia mgongo. Mimi ni mwalimu, nawafundisha watoto kwamba kamba haiui mtu, risasi ndiyo huua. Lakini moyo hausomi shule, kaka. Kila nilipoutazama ule mkeka niliumia, nikajiuliza kwa nini sikumwambia asimame.

Jumamosi iliyopita baba mdogo Pancras alisema nyumba haiwezi kukaa na msiba usio na kaburi, tuzike mgomba mahali pake, kama wazee walivyowafanyia waliopotea majini. Ukakatwa mgomba, ukavikwa shuka lake, katekista akasali. Lakini mgomba wa kumzikia mtu lazima ulingane naye, na hapo watu wote wakanitazama mimi. Nikaenda kuileta ile kamba. Mama aliipokea mwenyewe. Aliupima mgomba mpaka kwenye fundo la kwanza, akawaonyesha pa kukata. Baba mdogo alipotaka kuitupia kamba kaburini, mama alimshika mkono, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Jana jioni nilikuwa nachambua mboga, akaja akasimama mbele yangu.

"Ule ubao wa Emilian umekwisha?"

"Umekwisha, mama."

"Unamngoja nani sasa?"

Akafungua pindo la kanga. "Simama hapo mlangoni. Simama wima, mwanangu, na unyanyue mikono."

Nilikanyaga ncha ya kamba kwa kisigino, naye akaivuta mpaka kwenye vidole vyangu. Ikazidi shibiri moja. Alikishika kile kipande kilichozidi, hakukiachia, na ndipo tulipolia pamoja kwa mara ya kwanza.

Basi, Mungu akipenda, shule zikifungwa Desemba nitakuja. Nitadandia lori mpaka Biharamulo, kisha Mwanza, na kutoka hapo treni. Kuogelea najua kwa kubahatisha, na naogopa sana, nisikudanganye. Lakini pwani zote tulizozitaja nataka tuzifikie, hata kama kila moja nitaishia kunywa maji ya chumvi. Nitaanza kwa kulala, kama alivyosema.

Wifi mpe pole na salamu zangu. Baba mdogo Pancras anakusalimu, na shangazi Eustakia anauliza kama huko bado mnasali. Mama hakutuma salamu nyingi. Amenituma neno moja tu: ubao usiukate ulingane nami. Ile shibiri inayozidi iache mbele, Philbert wake atangulie.

Mungu ailinde mikono yako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Deodata