Wadi Mbili, Pesa Moja

Alhamisi, jioni. Mvua imepita, imeacha tope mpaka mlangoni. Miguu imenivimba kama maandazi na bado nacheka peke yangu, kwa sababu leo nimegombana na serikali na mume wangu kwa mkupuo mmoja.

Nimeshinda. Nusu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiandika kwa hamaki hata mimi mwenyewe kesho sitaelewa.

Huku kwetu, ukitoka Rodi Kopany ukaiacha lami ukaingia ndani, kuna soko dogo, na ng'ambo ya soko kuna zahanati. Nyuma ya zahanati kuna jengo lililoinuliwa kuta, likaezekwa mabati, kisha likaachwa hivyo. Halina milango, halina maji, halina umeme. Lilikusudiwa akina mama wajifungulie humo. Kwa sasa wanaotaga humo ni kuku wa jirani. Kila mtu hapa huliita wadi, na ukisema wadi hakuna anayeuliza ipi.

Mimi nina mimba ya miezi minane. Jengo lile nalitazama kila ninapofungua duka. Zuhura wangu nilimzaa kando ya njia, ndani ya gari la kukodi, kabla hata hatujaigusa lami, dereva ameshuka kanipa mgongo akiomba Mungu kwa sauti. Majirani wakampa jina la Kijaluo siku ileile: Ayoo, yaani aliyezaliwa njiani. Jina zuri, nalipenda. Lakini sitaki Ayoo wa pili.

Naogopa. Basi, nimeshasema.

Leo kulikuwa na mkutano wa bajeti ya kaunti, kanisani. Mimi Muislamu wa Malindi nimeketi benchi la mbele la kanisa na buibui langu, na aliyenishikia nafasi ni Mama Awino, anayeuza viazi vitamu mkabala na duka letu. Afisa alitoka Homa Bay mjini, kijana mpole, shati limenyooka kwa pasi. Akasalimia, akatoa habari njema: "Pesa ya wadi iko tayari."

Weee! Kanisa lilipasuka kwa makofi. Mama Awino alipiga vigelegele mpaka watoto wakaamka migongoni. Mimi machozi yalinitoka, sikuyaficha.

Afisa naye akafurahi kuona watu wachangamfu, akauliza kama tunataka soko letu liwekewe taa. Nani akatae taa? Tukapiga makofi tena, mimi mbele kabisa, maana nje kukiwa na mwanga nauza mpaka saa mbili. Sala ya kufunga ikasomwa, soda zikaanza kugawiwa.

Hapo Mama Awino akamfuata afisa kwa adabu, soda mkononi. "Na hiyo wadi, milango italetwa lini?"

"Wadi gani, mama?"

Mama Awino akaelekeza mdomo dirishani. "Si hiyo. Ya kuzalia."

Yule kijana alitazama dirishani, akamtazama Mama Awino, na mimi damu ikanipanda kichwani, kwa sababu nilielewa. Kwa watu wa kaunti, wadi ni eneo zima, hili linalochagua mwakilishi wake. Pesa ya wadi ni fungu la eneo letu, na fungu ni hilo hilo moja. Kwa makofi yetu tulikuwa tumelimaliza lote kwenye taa. Tumejinyima wenyewe, tena kwa vigelegele!

Miaka yote niliyokaa hapa, kwenye mikutano mimi huwa kimya. Hujiambia mimi ni mgeni, wenyewe wanajua. Leo nikajikuta nimesimama, tumbo mbele, nawaambia watu warudi wakae, hakuna anayeondoka. Nikaeleza wadi ya kwanza na wadi ya pili, Mama Awino akinitafsiria kwa Kijaluo. "Yawa!" wazee wakashika vichwa. Afisa alicheka mpaka akavua miwani, kisha, Mungu amjalie, akasema sala ya kufunga haifungi bajeti. Tuanze upya, kwa kuinua mikono.

Sasa nani akasimama kutetea taa? Baba Zuhura. Mume wangu wa ndoa! Huyu mwenye kuleta bidhaa kutoka Migori kila wiki akasema taa zitakuza biashara, na mtu mwenye pesa hakosi gari la kumpeleka hospitali Homa Bay. Nilimtazama. Akayakwepa macho yangu.

Linaloniudhi ni kwamba hakukosea yote. Lami ilipofika Rodi niliona kwa macho yangu wanunuzi wa viazi wakija wenyewe na malori, watu waliokuwa wakiozesha mavuno shambani wakaanza kulipa karo. Kodi yetu sote imo kwenye lami hiyo, ile tunayokatwa kwenye sabuni na salio la simu. Ikiwekwa mahali pazuri inamnyanyua hata asiyejua bajeti ni mdudu gani. Na taa zingetunyanyua, siwezi kubisha.

Ila nikawauliza: msimu uliopita, meza ya Mama Awino ilikuwaje? Uchungu wa kuzaa ulimshika huku, akachelewa njiani, akaugua wiki nyingi baada ya kuzaa. Mume wake akauza ng'ombe wa kulimia. Mtaji wa viazi ukaisha kwa gari na dawa, meza ikabaki tupu. Wakulima waliomuuzia wakakosa pa kupeleka, mwenye mkokoteni akakosa mzigo, na sisi dukani tukakosa wateja wote hao. Mngeweka taa hapo, ingemulika mbao.

Mama Awino hakutafsiri tena. Alisema tu, "Ni ukweli. Ni mimi huyo."

Kabla ya mikono kuinuliwa, afisa akaomba kusema jambo moja, asije akaitwa mwongo baadaye. Tukiichagua wadi, kazi itaanza mwaka wa fedha ukianza, Julai. Milango, kisha maji, kisha umeme, kisha kungoja wauguzi.

Mimi najifungua mwezi ujao.

Nilikaa chini taratibu. Ee Mola, nitasema ukweli hapa: nilitamani kunyamaza. Wadi ile sitazaa ndani yake. Taa ningezitumia kila jioni ya maisha yangu. Tangu asubuhi nilikuwa napigania tumbo langu mwenyewe, na sasa tumbo langu halimo.

"Wanaotaka wadi ya kuzalia, inueni."

Pembeni yangu Mama Awino, aliyeapa mbele ya soko zima kwamba hazai tena, aliinua mikono yote miwili. Afisa akamwambia mmoja unatosha. Nikacheka, na wangu ukapanda. Wakainua na wengine, nyuma mpaka mlangoni. Mkono wa mwisho ulikuwa wa Baba Zuhura, polepole, macho yake yakiwa darini.

Sasa hivi yuko nje anaongea na shangazi yake aliyeko Homa Bay mjini, ili nikakae kwake kabla siku hazijakaribia. Ameshaomba radhi, kwa kuninunulia samaki mkubwa kuliko sufuria. Bado naogopa, ila si kama jana. Nitalala vizuri leo.

Ila kuna mtu simwondoi akilini. Nani atakuwa wa kwanza kuzaa mle ndani? Labda ni msichana ambaye hata hajapata mchumba, saa hii anaosha vyombo kwa mama yake, hana habari yoyote. Na sisi tumeshamwinulia mikono.